Wodi Haiachwi Yatima

Dada yangu mkubwa alikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake kwa miaka thelathini na mmoja, na hospitali nzima ilimwita Saa Kamili. Zamu ikianza saa moja, yeye saa moja kasoro kumi yuko mlangoni, gauni limepigwa pasi hadi mikunjo inaweza kukata mkate. Wala hakutoka mpaka mwenzake wa zamu inayofuata afike, wapite pamoja kitanda kwa kitanda: huyu amekula, huyu kakataa dawa, huyu anahitaji kugeuzwa. "Wodi haiachwi yatima," ndiyo kauli yake.

Mimi ni mdogo wake. Niliishia darasa la sita, si kwa ujinga; walimu waliishiwa cha kunifundisha.

Sasa Saa Kamili ana ugonjwa wa kusahau. Daktari alituambia ubongo huugua kama moyo unavyougua, tusitafute mchawi. Machoni pake, mwaka juzi nilikuwa mdogo wake, mwaka jana fundi bomba, siku hizi ni mgeni aliyekuja nje ya saa za kutazama wagonjwa. Anayemlea ni binti yake, mpwa wangu, fundi cherehani ambaye cherehani chake kimefunikwa shuka miezi minane. Kliniki ina kikao cha walezi kila Jumamosi saa tisa, na mpwa alitaka sana kwenda. Mara tatu alishika mkoba, na mara tatu mama yake akamng'ang'ania upindo wa gauni akipiga kelele, "Nani amepokea?", naye akarudi ndani.

Wiki iliyofuata nilimkuta jikoni anakunywa chai. Nikaionja kwa uroho wangu.

"Mpwa, umetia chumvi humu."

"Najua, Mjomba. Sina nguvu ya kupika nyingine."

Nikarudisha kikombe mezani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, huonekana mwepesi, na mimi nilikuwa nimeutazama tu kutoka kwenye kochi.

"Jumamosi nakaa naye mimi," nikasema. "Mtu kama mimi angelea wodi nzima."

"Kuku watatu walikushinda, Mjomba."

"Wale kuku walikosa adabu."

Jumamosi ikafika. Mpwa akashika mkoba, dada akakamata upindo. Nikatia akili yangu kazini: "Dada, ulistaafu zamani. Hapa ni nyumbani kwako. Huyu ni mwanao, anatoka kwa saa mbili tu." Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilikuwa petroli kwenye moto.

"Nani kamruhusu mwanamume huyu wodini?" Machozi yakamtoka. "Hawezi kwenda! Nani amepokea? Nani amepokea?"

Mpwa akaweka mkoba chini. "Basi, Mjomba. Nilijua." Akainama kuvua viatu.

Nilibaki na lile swali. Jumamosi tatu dada alikuwa akiliuliza, na hakuna aliyemjibu. Kumbe hakumzuia mwanae. Alizuia wodi isiachwe yatima.

"Usivue," nikamwambia mpwa. "Lete daftari, unikabidhi zamu."

Akanitazama kana kwamba nami naanza kuugua. Lakini dada alikuwa amenyamaza. Alinikagua kutoka utosini hadi kwenye kandambili.

"Huyu ndiye anapokea?"

"Ndiye, Mama."

"Na viatu hivyo?"

Nikaenda kuvaa viatu. Niliporudi: "Mikono." Nikanawa. "Mpaka viwiko." Mtu mzima, mwenye wajukuu, nikanawa mpaka viwiko.

Mpwa akafungua daftari la vipimo vya nguo. "Mgonjwa mmoja. Amekula nusu sahani. Dawa ya presha amekunywa asubuhi. Hapendi mlango wa choo ufungwe." Akafunua ukurasa. "Akimuulizia mumewe, usimwambie amekufa. Muulize alikuwa mtu wa namna gani."

Dada aliitikia kila jambo kwa kichwa. Kisha akamgeukia yeye. "Na wewe? Umelala lini?"

Mpwa akafunga daftari.

"Nimekuona. Huketi. Muuguzi asiyelala ni mgonjwa wa kesho. Nenda, na usirudi kabla ya muda wako."

Vidole vikaachia upindo, kimoja kimoja. Mpwa alitoka saa tisa kasoro kumi. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Nilitandikishwa kitanda mara nne. Nilisikia habari za shemeji yangu ambazo marehemu asingependa nizijue. Saa kumi na moja mpwa akarudi na alama ya kiti shavuni.

"Walisema nini huko?"

"Sijui. Nilisinzia wanajitambulisha. Mama mmoja akanishikia mkoba, mwingine akawaambia washushe sauti." Akacheka, kicheko chake cha zamani. "Wamesema nirudi wiki ijayo, hata kama ni kulala."

Akapika chai. Ilikuwa na sukari, tena nyingi.

Sasa kila Jumamosi napokea zamu, nimevaa viatu. Jioni ile ya kwanza, nilipomkabidhi mpwa daftari, dada alimvuta pembeni nikasikia kila kitu.

"Huyu mpya ana maneno mengi," alisema. "Lakini anafundishika."

Miaka sita ya shule, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniandikia hivyo.