Presha ya Bi Jalada na Miguu ya Upepo

Miaka ishirini na sita Bi Jalada alikalia kiti kimoja pale masijala, na kiti kilishamzoea kuliko mumewe. Ukimtajia namba ya jalada, alikunyooshea kidole kabati lilipo kabla hujafunga mdomo. Kulibeba sasa? Hilo halikuwa lake. Katika ofisi ile ya serikali jalada hubebwa na tarishi, hata kama linatoka meza hii kwenda meza ile. Karani akionekana na jalada kwapani, watu walinong'ona: "Kulikoni, kashushwa cheo?"

Siku mpango wa afya ya watumishi ulipozinduliwa, nesi alimfunga mkanda wa presha, akatoa macho. Mia na sabini na nane kwa mia na nne!

"Mama, dawa unameza?"

"Nikizikumbuka."

"Kutembea je?"

"Kwenda wapi, mwanangu?"

Nesi hakucheka. Alimpa miezi mitatu: ameze dawa kila siku, apunguze chumvi, atembee. Presha isiposhuka, bodi ya madaktari ingemstaafisha.

Kufa hakukumtisha sana Bi Jalada; kilichomtisha ni kushinda nyumbani. Mumewe alikuwa mpima ardhi, akastaafu mwaka juzi, na tangu hapo anapima kila kitu: mchuzi, sabuni, hata dakika za mkewe bafuni.

"Nishinde na yule mzee kutwa nzima?" alimwambia nesi. "Hapo presha itapasua hicho kimashine chako!"

Basi serikali, kwa huruma zake, ikagawa saa za mkononi za kuhesabu hatua. Atakayeongoza kwa hatua za siku moja angepewa ngao. Ofisi ikachangamka kama kuku waliomwagiwa mtama! Vikafanyika vikao viwili vya kujadili mazoezi, wajumbe wote wakiwa wamekaa. Likaandikwa dokezo la kuomba idhini ya kutembea. Likarudishwa kwa kukosa kiambatisho. Mwishowe watumishi wakafanya wanachokijua zaidi, yaani kukaimisha. Mmoja mmoja wakavua saa zao wakamvisha tarishi.

Tarishi mwenyewe, mzee mkavu aliyeitwa Upepo, akajikuta na saa kumi na moja mikononi. Ya mkurugenzi aliivaa juu kabisa, karibu na kiwiko, kwa heshima.

Siku ya tatu Bi Jalada alimsimamisha mlangoni. "Upepo, nirudishie yangu."

"Dada, mbona inaenda vizuri? Leo tu imeingia elfu kumi na mbili!"

"Elfu kumi na mbili za kwako. Presha ni ya kwangu."

Upepo akaivua shingo upande. "Haya, utatembea wapi? Utazunguka kabati?"

"Nipe majalada ya ghorofa ya tatu na ya nne."

"Eti nini? Unaninyang'anya kazi mchana kweupe?"

"Nakupunguzia, kaka. Hujioni umekuwa duka la saa?"

Siku yake ya kwanza ya kubeba, Bi Jalada alipumzika kila kona ya ngazi, akihema kama mivukuto ya mhunzi. Mhasibu alipomwona na majalada kwapani akashtuka. "Masijala! Umefanya kosa gani?"

"Nimekula chumvi," akajibu, akapita.

Wiki ya tatu akapumzika mara moja tu. Wiki ya saba akawa anapanda huku akiimba! Majalada yaliyozoea kusafiri siku nne yakawa yanafika kwa dakika kumi, na maofisa wakaanza kulalamika kwamba sasa hawana pa kusingizia.

Miezi mitatu ikatimia. Nesi akaja na ngao, sherehe ukumbini ghorofa ya nne, na lifti ikachagua asubuhi hiyohiyo kugoma. Wanariadha wetu wakafika juu mmoja mmoja, tai zimelegea, ndimi nje. Mkurugenzi alifika wa mwisho, akiwa ameshikwa huku na huku.

Nesi akasoma karatasi. "Mshindi ni mkurugenzi! Hatua elfu thelathini na moja, siku ya kikao cha bajeti." Akamtazama. "Mheshimiwa, ulikuwa unakizunguka kikao?"

"Nilikuwa... nafikiri... haraka," mkurugenzi akahema. Upepo akashusha mikono ya shati mpaka kwenye vidole.

Nesi akaiweka ngao chini ya meza, akatoa mkanda wa presha. "Masijala, njoo."

Bi Jalada akafumba macho. Mkanda ukavimba, ukapumua. Nesi akapima tena.

"Mia na thelathini na mbili kwa themanini na nne."

"Rudia!"

"Mia na thelathini na mbili kwa..."

Hakumaliza. Bi Jalada alishamkumbatia pamoja na mashine yake, Upepo anapiga mbinja, mhasibu anapiga meza! Nesi akajinasua, akaandika kwenye fomu *anafaa kuendelea na kazi*, akagonga muhuri.

"Hii iende kwenye jalada lake," akasema. "Nani ataipeleka?"

Wote wakamgeukia Upepo. Lakini fomu haikuwepo tena mezani, na kutoka kwenye ngazi zilisikika hatua za mtu anayeshuka mbiombio.