Gari Lililomkataa Mama Mkwe

Dada yangu ni fundi magari, na ana tabia moja inayonitia aibu mbele za watu: gari likimshinda, anacheka. Mafundi wengine wakikutana na ubovu wasioujua hukuna vichwa na kusingizia plagi. Yeye hushika kiuno akacheka mpaka machozi yamtoke, utadhani kaletewa zawadi. Mwenye gari anamtazama, kisha ananitazama mimi kwenye duka langu la vipuri pale mlangoni mwa gereji. Mimi najifanya napanga mikanda ya feni.

Watu wanamwita Sikiliza, maana hafungui boneti kabla hajasikiliza. Atakuuliza ulikuwa unakwenda wapi, nani alikaa wapi, mlibeba nini. Kisha atawarudisha wote garini mkae vilevile. Ndivyo alivyougundua ubovu wa lile gari lililokuwa linapiga honi lenyewe kila likikata kona ya kushoto. Na kuna jingine, ukitaka kubadilisha balbu ya taa ya mbele lazima kwanza ufungue tairi. Hilo wala halikuwa bovu, lilitoka kiwandani hivyo. Dada alicheka, akakasirika, akacheka tena. "Kuna mtu mzima alikaa kwenye meza akafikiria hivi," alisema, "na wenzake wakamwambia safi sana."

Basi asubuhi moja akaingia mshonaji nguo wa mtaa wa pili, uso umemshuka. Gari lake, alisema, linamkataa mama mkwe wake.

"Linamkataaje?" dada aliuliza, na mimi nikaona mdomo umeshaanza kumcheza.

Linazima, akasema. Akiwa peke yake linateleza vizuri tu. Akimpakia mkewe, hakuna shida. Akimpakia mama mkwe, hata kona hawafiki, linakohoa na kuzima. Mama akishuka kwa hasira, linawaka. Mafundi walishabadilisha plagi na chujio la mafuta, wakalizungusha mji mzima bila mama, likaenda bila shida. Wakalirudisha, mama akapanda, likamzimikia sokoni watu wakiangalia.

Mimi nilikuwa nimeshauma kanga nisicheke. Lakini mshonaji hakuwa anacheka. Mkewe alikuwa na mimba ya kwanza, siku zake zimekaribia, na mama alikuja kwa ajili hiyo. Sasa mama ameshakata shauri kwamba mkwe hamtaki, kwamba kuna kitufe cha siri anakibonyeza ili amdhalilishe njiani. Muda huohuo tunaongea alikuwa nyumbani anafunga virago, na binti yake analia.

"Akiondoka leo," mshonaji alisema, "mke wangu atajifungua na kinyongo. Na mimi nampenda yule mama, sijui nimwambieje."

Dada akabeba kisanduku cha spana. "Twende kwa mama," akasema. Nikafunga duka. Jambo kama hilo siwezi kungoja kusimuliwa.

Tulimkuta kakaa mlangoni, begi pembeni, mwanamke wa mwili, tena mwili wa heshima. Tukamwamkia.

"Marahaba," akajibu. "Kama mmetumwa kunibembeleza, mnajichosha. Basi langu ni la mchana."

"Sikuja kukubembeleza, mama," dada akasema. "Nimekuja unisaidie kazi. Hili gari bila wewe siliwezi."

Hapo mama akamtazama vizuri. Akainuka, akajifunga kanga sawasawa, akamfuata.

"Huwa unakaa wapi?"

"Napowekwa. Nyuma, kushoto. Huyu bwana hataki nikae pengine, eti ndiyo mahali pangu."

Akakaa. Mshonaji akawasha. Gari likanguruma, likakohoa, likazima.

"Mmeona?" mama akasema, nusu kwa hasira, nusu kwa majivuno.

"Nyanyuka kidogo, mama." Mshonaji akawasha tena, likanguruma bila wasiwasi. "Sasa kaa." Likazima. "Nyanyuka." Likawaka. "Kaa." Likazima. Binti mjamzito dirishani alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, machozi ya kulia yamegeuka ya kicheko. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta. Dada akakaa yeye pale kushoto, lakini dada ni mwembamba kama ufagio, gari halikujali. Akamwomba mama ahamie kulia. Mama akakaa kulia kwa uzito wake wote, na injini ikaendelea kunguruma. Mama akashuka.

Dada akang'oa kiti kizima cha nyuma. Chini yake kulikuwa na pampu ya mafuta, na waya wake umelazwa juu ya bati kutoka upande hadi upande, hauna hata kifuniko. Upande wa kushoto umebonyezwa mpaka umechubuka. Springi ya kiti ikishuka inauminya, pampu inakosa umeme, gari linazima.

"Aliyebuni gari hili," dada akasema, "hana mama mkwe."

"Kwa hiyo ni uzito wangu," mama akasema.

Mshonaji akatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa na uongo mzuri kabisa mdomoni, lakini dada kuhusu gari hadanganyi.

"Ni uzito wako, mama. Ila kulia umekaa na uzito huohuo, halikuzima." Akakigeuza kiti, akapitisha kidole kwenye mshono. "Huku kushoto sponji ya kiwandani imetolewa. Imewekwa nyingine, laini, ndiyo inazama. Nani kashona hapa?"

"Mimi," mshonaji akasema kwa sauti ndogo. "Mama alipofika alilalamika mgongo. Nikamtengenezea pa kukaa."

"Mbona hukuniambia?" mama akauliza.

"Niliona aibu, mama."

Mama akabonyeza ile sponji kwa kiganja, akaiachia, akaibonyeza tena. Alijuta, ilionekana wazi usoni. Kisha kicheko kikamwanza tumboni, kikapanda mpaka mabegani, na sisi sote tukamfuata, dada akiongoza.

Alipopata pumzi, dada akajifuta macho. "Haya, mama. Nikirudisha sponji ngumu tunamaliza sasa hivi. Nikihamisha waya, itachukua kutwa nzima, na basi lako litakuacha."

Mama alikuwa ameketi kizingitini, ule upande wa kushoto wa kiti kaulaza mapajani, hauachii.

"Hamisha waya," akasema. "Sponji ya mwanangu isiguswe."