Kaaha na Watu wa Ngozi

Kaaha Mursal aliporudi Garissa na shahada ya kemia ya kusindika ngozi, kwao waliipokea habari hiyo kama msiba. Mama yake aliwaambia majirani kwamba binti ni mkemia, akaishia hapo hapo ili wadhani ni wa dawa. Tangu enzi za mababu kazi ya ngozi iliachiwa koo walizoziita za chini, ambazo watu wa heshima hawakuoa kwao wala kula nao sahani moja.

Kaaha aliwaona wajinga watupu. Watu wanaishi kwa mbuzi, wanatoa mahari kwa ngamia, halafu ngozi wanawatupia mbwa nyuma ya kichinjio na kujiona mabwana!

Akakodi ua nje ya mji, akajenga matangi ya chokaa, akanunua magome ya mgunga ya kusindikia ngozi. Akamwajiri Abdow, kijana mmoja wa koo zile zile. Haikupita muda ami yake, Hirsi, akaja, ncha ya kilemba puani. Wawili hao waliitana adeer, neno la Kisomali la ami ambalo naye humwita mtoto wa nduguye.

"Kaaha, adeer, umesoma kote kule ili unuke hivi? Nani atakuoa?"

"Adeer, atakayekuja na aje na pua ngumu."

Akaja Deeq, afisa wa ofisi moja mjini, na wazee wawili wa kumposea. Chai ilipomiminwa Deeq alinyoosha mguu. Viatu vyake, akasema, ni ngozi halisi ya Dubai, si hii ya kienyeji inayonuka. Kaaha akakiomba kimoja. Akakwangua chembe ukingoni kwa kisu, akaitia kiberiti. Ikayeyuka na kudondoka, chumba kikanuka jerikeni iliyoungua.

"Ngozi ikiungua hunuka nywele," alisema akimrudishia. "Hii ni plastiki. Lakini vaa tu, mnafanana."

Wazee waliondoka bila kumaliza chai. Hirsi aliposikia, hakukanyaga tena kwake. Abdow aliposimuliwa alicheka mpaka akakaa chini, na Kaaha akajiona ameulipizia kisasi ukoo mzima wa kijana yule.

Kazi ikashika. Mafundi viatu wa mjini, waliokuwa wakimpita bila salamu, wakaanza kumngojea langoni. Naye aliwangojesha juani makusudi.

Asubuhi moja wakitandaza ngozi, Abdow aliweka kisu chini.

"Walaal, dada, nataka kuwatuma wazee wangu kwa mama yako. Lakini nisikie kwako kwanza."

Neno la kwanza lililomjia Kaaha lilikuwa: *Huyu?* Hakulitamka. Hakukuwa na haja. Uso wake ulikuwa umeshakunjamana kabla hajauzuia, na Abdow alikuwa akiutazama.

"Abdow, sikiliza, mimi sikuwa na maana..."

"Nimesikia," alisema. "Afadhali Hirsi. Yeye hakuwahi kunichekea kirafiki."

Alimaliza kutandaza ngozi zote, akanawa mikono, akaenda. Baadaye alifungua ua wake mwenyewe wa ngozi kule Ijara, akaoa huko huko.

Kaaha aliajiri wengine. Huwalipa vizuri, na akikuta chokaa imezidi huwatukana vizuri vile vile. Watu wa mjini bado anawaona wajinga, na wageni wakimtembelea huwasimulia habari za viatu vya Deeq. Wao hucheka sana. Yeye huinuka kabla hawajamaliza, akaenda kukoroga matangi ambayo hayajahitaji kukorogwa.