Nilikwenda Kliniki Siku Isiyo Yangu

Kinamama wenzangu, Sista Leokadia ameniomba niongee nanyi kabla hajaanza kupima. Nilimwambia mie si msemaji, mie mshonaji. Akanijibu, "Waeleze yaliyokupata, kama unavyomweleza jirani." Basi nawaeleza hivyo hivyo.

Naitwa Tekla. Kwetu ni Songea, lakini maisha yangu yako hapa Kinondoni. Mume wangu, Kasiani, anafanya kazi ya zamu kiwandani huko Mikocheni. Mie nashona sare za shule kwenye ushirika wetu wa kinamama, cherehani za kukanyaga kwa miguu. Kabla ya mimba ya kwanza sikuwahi kulazwa. Homa nilizipata kama kila mtu, nikameza klorokwini, nikajikuna usiku kucha, nikapona.

Mimba ile niliitunza. Kliniki sikukosa hata mara moja. Utaratibu wa hapa zahanati mnaujua: Jumanne ni wajawazito, Alhamisi ni watoto wa kupimwa uzito, na wagonjwa wengine wanachukua namba pale dirishani asubuhi mpaka ziishe. Wengi wanakuja alfajiri, wanaweka jiwe kwenye foleni kushika nafasi, wanarudi nyumbani kuchemsha chai. Mimba ilipoingia mwezi wa nane, Sista alinipima akasema mtoto amekaa vizuri. Akaandika kwenye kadi nirudi Jumanne, baada ya wiki mbili.

Haikupita wiki miguu ikaanza kujaa. Sikushtuka, maana kila mjamzito niliyemjua alijaa miguu. Kisha vikajaa vidole vya mikono. Pete ya ndoa ikagoma kutoka, Kasiani akaivuta kwa sabuni mpaka ngozi ikachubuka. Asubuhi nilikuwa naamka macho yamefumba kama nimeumwa na nyuki. Halafu kikaja kichwa. Kilianzia kisogoni kikahamia mbele, kikakaa. Nikameza aspirini, wapi! Siku moja ushirikani nikawa natunga uzi, nikaona sindano mbili. Nikafumba jicho moja, ikabaki moja. Nikalifumbua, zikapita cheche mbele yangu kama za fundi anayechomea chuma.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Nikachukua kadi yangu nikaja hapa polepole. Dirishani alikuwepo Mzee Saidi, yule aliyekuwa akigawa namba miaka ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Lete kadi." Akaisoma, akanirudishia. "Siku yako Jumanne. Leo ni watoto."

"Najua, mzee. Lakini kichwa kinaniuma sana."

"Kichwa? Basi hiyo si kliniki, huo ni ugonjwa. Na namba za wagonjwa zimekwisha. Wahi kesho."

Hakunisemesha vibaya. Nyuma yangu watoto walikuwa wanalia, mama zao wananisukuma. Nikaona haya kuendelea kuziba dirisha. Nikarudi nyumbani.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni Somoe, mama wa watu wazima, mtu wa Newala. Jioni ile alikuja kuniomba chumvi, akanikuta nimelala sakafuni kwa sababu saruji ilikuwa ya baridi.

"Weye, mbona uso umekuwa hivyo? Umekwenda kwa sista?"

"Nimekwenda. Wamesema siku yangu Jumanne."

"Jumanne! Na huo uso utauweka wapi mpaka Jumanne?"

Kasiani alikuwa anajiandaa kwenda zamu. Akasema tusubiri kidogo, labda ni uchovu wa cherehani, na isitoshe watu wa zahanati ndio wanaojua, kama hali ingekuwa mbaya wasingenirudisha. Hakusema kwa dharau. Alikuwa anajituliza mwenyewe. Somoe hakubishana naye. Alisema tu, "Kesho asubuhi naja kumchukua."

Kesho yake ikanikuta na maumivu mapya, hapa chini ya mbavu, upande wa kulia, kama mtu ameingiza ngumi na hataki kuitoa. Nilitapika uji, kisha nikatapika maji matupu. Somoe alinifunga khanga, akanishika kiunoni. Njia ambayo kwa kawaida naitembea huku nikipiga soga ilinibidi nikae chini kila baada ya nyumba chache.

Tulipofika, foleni ya namba ilikuwa imezunguka ukuta. Nikamwambia Somoe tuunge mwisho.

"Foleni gani? Hapa hatukuja kununua sukari."

Akanipitisha dirishani bila kugeuka. Watu wakapiga kelele. Mzee Saidi naye akaita, "Mama! Mama, huko leo hakuna kliniki!" Somoe akausukuma mlango wa chumba cha mkunga. Sista Leokadia alikuwa anahesabu vidonge vya kuongeza damu.

"Sista, niwie radhi, nimeingia bila hodi. Lakini mtazame huyu."

Sista alinitazama. Hakuuliza kadi. Alinibonyeza kwa kidole kwenye mfupa wa mguu, akaondoa kidole, shimo likabaki pale pale. Akanifunga mashine ya presha, akasikiliza, akaifungua, akaifunga tena mkono wa pili. Kisha akanipa kikopo nikojoe. Ulitoka mkojo kidogo sana, mweusi kama chai ya rangi. Akautia kwenye kichupa cha kioo, akauchemsha juu ya moto wa spiriti. Ule mkojo ukaganda, ukawa mweupe kama ute wa yai unavyoiva.

"Kichwa kimeanza lini?" akaniuliza.

"Juzi, au siku ya kabla yake. Jana nilikuja, sista, nikaambiwa siku yangu bado."

Aliweka kile kichupa mezani taratibu. Akasema, "Tekla, tarehe ninayoandika kwenye kadi ni ya mtu asiyeumwa. Ukiumwa, siku yako ni hiyo hiyo unayoumwa. Sasa lala ubavu wa kushoto, usiongee."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ninayoyakumbuka. Yaliyofuata nimesimuliwa na Somoe.

Anasema macho yaligeuka yakabaki meupe, meno yakakaza, mwili mzima ukanyooka kama ubao, kisha nikaanza kutupatupa miguu na mikono. Nilijing'ata ulimi damu ikatoka. Nilijikojolea. Mama mmoja aliyekuwa anachungulia mlangoni akasema nimepandwa na shetani, nipelekwe nikapungwe. Sista akamwambia, "Hiki ni kifafa cha mimba. Tupishe hewa." Akanichoma sindano pajani, akanigeuza kwa ubavu ili damu isiniingie kifuani.

Zahanati haikuwa na gari. Mzee Saidi ndiye aliyetoka mbio. Alikwenda duka la ushirika, akakuta pikapu inashusha unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Akamwambia dereva kuna mtu anakufa. Hawakumaliza hata kushusha. Nilipakiwa juu ya magunia yaliyobaki, Sista upande mmoja, Somoe upande mwingine, tukapelekwa hospitali kubwa. Njiani kifafa kikanirudia.

Nilipozinduka nilikuwa kwenye chumba chenye giza, madirisha yamezibwa kwa blanketi ili mwanga usikiamshe tena kifafa. Nilidhani nimekuwa kipofu. Ulimi ulikuwa umevimba, umejaa mdomo. Tumboni nilisikia moto, nikapapasa, nikakuta bandeji, na tumbo limekwisha kuwa dogo.

Daktari, kijana mwembamba, aliinama karibu na sikio langu. "Mama, upo hospitali. Tumekupasua. Umepata mtoto wa kike. Ni mdogo sana, lakini analia kuwashinda wakubwa."

"Naomba nimwone."

"Utamwona. Kwanza presha ishuke. Tulikuwa tunawapoteza wote wawili."

Kasiani nilimtambua kwa harufu ya mafuta ya mashine, maana macho yalikuwa bado yana ukungu. Alikaa kitandani akanishika kidole kimoja tu, kama anaogopa nitavunjika. Niliona mabega yake yanatikisika. Ukungu wa macho uliondoka kidogo kidogo. Mtoto aliletwa amefungwa kwenye pamba kama kifaranga. Kunyonya alikuwa hajaweza, nikawa nakamua maziwa tunamtonesha kwa kijiko. Tukamwita Somoe. Ndiyo, mtoto wa Kingoni mwenye jina la Newala. Yupo nyumbani, ana mdomo kama wajina wake.

Kupona hakukuwa kwa mara moja. Presha iligoma kushuka, nikawa narudi hapa kila wiki na vidonge vyangu. Mara ya kwanza nilipofika dirishani, Mzee Saidi alinitazama akavua kofia.

"Binti, ni wewe?"

"Ni mie, mzee. Shikamoo. Na ahsante kwa gari."

Akasema, "Mie nilifundishwa kusoma tarehe. Kutazama uso hawakunifundisha."

Sista akamfundisha. Kuanzia hapo kila mjamzito aliyefika dirishani, siku yake au si yake, alikuwa anaulizwa: kichwa kinauma? Macho yanaona sawasawa? Umevimba uso au mikono? Akikubali hata moja, anapitishwa ndani bila namba. Mzee Saidi amestaafu, lakini maswali yake yamebaki.

Mimba yangu ya pili nilikuja kumwambia Sista mapema kabisa, hata tumbo halijaonekana. Alinipangia kila wiki. Kasiani alizungumza na msimamizi wake, akabadilishiwa zamu ili Jumanne anisindikize. Presha ilipanda tena, lakini safari hii tuliiona inakuja. Nililazwa kabla kichwa hakijauma, nikajifungua mvulana, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Sista, na Somoe ambaye hakupiga hodi, na Mzee Saidi kwa mbio zake. Kadi zenu zitunzeni, tarehe zenu zifuateni, kwa sababu ugonjwa huu mara nyingi unaanza kimya, na mashine inauona kabla yako. Lakini msiifanye tarehe kuwa ukuta. Mkirudishwa dirishani, semeni tena. Semeni kwa sauti. Msione haya.

Ningeweza kuendelea, ila kuna dada pale mwisho wa benchi, mwenye khanga ya kijani. Tangu nianze kuongea ameegemeza paji la uso ukutani, na sasa amefumba jicho moja ili anione vizuri. Dada, namba yako usiijali. Inuka. Nishike mkono, tuingie ndani.