Maneno ya Baba Niliyompa Mgeni

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru, nami nilikuwa mwalimu kijana pale Endarasha, msichana wa viatu vyeusi na Kiingereza cha kujivunia. Sogea karibu nikueleze. Baridi hii ya Kieni haimpendi mtu anayekaa mbali.

Chama chetu kilikuwa kimepasuka vipande viwili mlimani kote, kutoka Nyeri hadi Karatina mpaka Sagana. Ugomvi ulikuwa juu ya mashamba ya walowezi. Upande mmoja ulisema tuyanunue. Upande wa pili, ambao baba yangu alikuwa mmoja wa wazee wake, ulisema mtu hanunui ng'ombe wake aliyeibiwa. Watu hawakuamkiana sokoni. Ndugu walihama makanisa. Lakini ulikuwa ugomvi wetu, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshakubaliana kukutana, kuchinja mbuzi mmoja na kuumaliza. Kwetu, waliokula mbuzi wa upatanisho hawarudi kugombana juu ya jambo lile lile.

Ndipo akaja mgeni kutoka nchi za Magharibi. Alisema anaandika kitabu kuhusu maisha ya wakulima. Alikuwa mpole, alikula mukimo, viazi vyetu vya kuponda na mahindi, kwa mkono na kuomba aongezewe. Akaniomba niwe mkalimani wake, akanidokezea kwamba kwao kuna vyuo vinavyotafuta wasichana kama mimi. Mgeni njoo mwenyeji apone, nikajiambia.

Wiki moja kabla ya siku ya mbuzi, wazee wa upande wa baba walikaa nyumbani kwetu kupanga watakayosema. Nikawapelekea uji kwenye kibuyu. Desturi yetu ni kwamba anayewapelekea wazee uji hana masikio. Mimi niliyasikia maneno yao. Baba alikuwa amesimama, anasema, "Wakikataa kutusikia, tutaingia shambani na wake zetu na majembe, tukae. Watupige risasi tukipanda viazi."

Fahari ilinijaa. Kesho yake mgeni aliponiuliza, "Wazee wanasema nini siku hizi?" nilimtafsiria yote, neno kwa neno, na jina la baba juu yake. Sikukosea hata kidogo. Ndiyo maana najilaumu mpaka leo: nilitafsiri vizuri mno. Nilitaka ajue kwamba nyumba yetu ina simba.

Siku tatu baadaye askari walikuja asubuhi, baba akikamua ng'ombe. Wakasema ni wakala wa nchi za Mashariki, ameficha silaha. Baba, ambaye Mashariki aliyoijua ni ule mlima jua linakochomoza!

"Ati silaha gani?" mama akawauliza. "Hii ndoo?"

Wakayamwaga maziwa, wakamchukua.

Mbuzi hakuchinjwa. Wenzetu wa upande wa kununua waliogopa kukaa na watu wa "wakala", na watu wetu wakaapa kwamba hao hao wenzetu ndio waliomchongea. Mimi niliyejua nilikuwa nafundisha hesabu darasa la tatu, mdomo umefungwa.

Na hao wa Mashariki, usidhani walikuwa na huruma. Mwezi haukuisha, redio yao ikatangaza kwa Kiswahili kizuri kwamba baba ni shujaa wao. Hawakuwahi kumwona hata mgongo. Kila mama alipokwenda kuomba aachiliwe, alijibiwa, "Mama, si wenyewe wamekubali redioni?" Wa Magharibi alimfunga pingu, wa Mashariki akazikaza, na kila mmoja akasema anatupenda.

Mgeni wangu aliondoka bila kuaga. Kitabu sijakiona.

Mwishowe nilimwambia mama ukweli, akiwa anamenya viazi. "Umesoma mpaka ukasahau kunyamaza," akasema, wala hakuinua macho.

Baba alikaa kizuizini miaka minne. Zamani aliniita "mama", kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo kwetu. Siku aliyorudi, mgongo umepinda, alinipa mkono tu. "Hujambo, mwalimu," akasema. Hakuniita mama tena mpaka tukamzika.

Mashamba yalinunuliwa. Walioyanunua ni wakubwa wa pande zote mbili, na leo wanapakana. Husemwa wapiganapo tembo nyasi huumia. Mimi naongeza kwamba sisi nyasi ndio tuliokwenda kuwaita tembo.

Sasa ninyi nanyi mna ugomvi wenu, na kila upande unajisifia rafiki wa ng'ambo. Nisikilize basi, mwanangu. Gombana na ndugu yako ikibidi, tena kwa sauti, lakini mlango uwe umefungwa. Mgeni mpe chakula, mpe pa kulala. Maneno ya nyumba yenu usimpe, hata yakiwa ya kujivunia, hasa yakiwa ya kujivunia. Anayejitolea kukusaidia kumshinda ndugu yako, muulize ugomvi ukiisha leo yeye atapoteza nini. Wala usimlaumu yeye peke yake. Wangu hakuvunja mlango, nilimfungulia.

Haya, lete kifua nikutemee mate ya baraka kama walivyofanya wazee wetu. Mungu akupe ulimi mzito na masikio mepesi. Akujalie ndugu wa kugombana naye asubuhi, na jioni mle sahani moja.