Paneli za Mhasibu

Mama Vifaranga hakuwa mtu wa kukaa akatulia. Hata chai aliinywa amesimama, kikombe mkono mmoja, mkono wa pili juu ya mfuniko wa mashine ya kutotolea mayai, kama anayempima mtoto homa. Mashine yenyewe ni boksi tu la plastiki lenye taa nyekundu ubavuni, lakini ndiyo iliyomlisha tangu mumewe alipofariki. Watu walimletea mayai ya kuku wao, yeye akawarudishia vifaranga na kupata ujira wake. Taa ikizimika, alizunguka nyumba nzima akigusa hiki na kile bila kujua anatafuta nini.

Na siku hizo ilizimika mno. Mwezi uliopita umeme ulikatika mchana kutwa, mayai yakapoa, akawarudishia wenyewe mayai viza pamoja na maneno ya kuomba radhi. Wateja wengine hawakuonekana tena. Akiharibu mzigo mwingine, kazi imekwisha, na hilo halikuhitaji mtu wa kumwambia.

Ndipo habari za sola zikaingia nyumbani, amani ikatoka. Muuzaji, bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa na ulimi mwepesi, alipanda juu ya bati, akapima, akashuka akisema paa limekaa vizuri, jua linalipiga tangu asubuhi. Jumamosi angerudi kuchukua malipo ya kwanza. Binti yake Mama Vifaranga alimhimiza mamake kwa simu asichelewe. Mdogo wake wa kike alisema huo ni wizi wa mchana kweupe. Mama Vifaranga alikubaliana na kila aliyezungumza mwisho. Asubuhi anataka, mchana hataki, jioni anatoka uani kulikodolea macho bati lake mwenyewe, na shingo inamuuma bure.

Aliyemvuta zaidi ni jirani yake, Mhasibu. Huyu alikuwa amestaafu, na tangu afunge paneli juu ya paa lake hakuwa na mazungumzo mengine. Ukimsalimia, anakujibu kwa sola. Bili yake, alisema, imeshuka hadi anaona haya kwenda kuilipa. Mtaa mzima ulimsikiliza, maana mtu aliyepiga hesabu za watu maisha yake yote hawezi kukosea za kwake. Ndivyo Mama Vifaranga alivyojiambia.

Ijumaa, jua likiwa la utosi, umeme ukakatika. Siku hiyo hasa vifaranga vilikuwa vimeanza kutoboa maganda. Ukitega sikio, unavisikia vikilia humo ndani. Mama wa watu alikwenda mlangoni, akarudi mezani, akaenda tena mlangoni. Hapo akaliona paa la Mhasibu linameremeta. Akajiona mjinga kwa kutolifikiria mapema. Akaizungushia mashine blanketi, akaikumbatia kifuani, akavuka njia huku waya wa kuchomekea ukiburuzika nyuma yake.

Alibisha hodi, kimya. Akachungulia dirishani. Mhasibu alikuwa ndani, amevaa singlendi, anajipepea kwa sinia. Macho yao yakakutana, na bado bwana yule hakuinuka. Hasira zilimpanda Mama Vifaranga, akagonga tena kwa kiwiko. Mwishowe mlango ukafunguka.

"Jirani, nichomekee mashine, nakuomba. Vinatoka hivi."

"Umeme hakuna."

"Hakuna vipi, na paa lako linaumiza macho?"

Mhasibu alitazama chini. Akamweleza kwa sauti ndogo kwamba paneli zake hazina betri. Zinafanya kazi pamoja na umeme wa mtaa. Ule ukikatika, na zenyewe zinajizima, ili mafundi walio kwenye nguzo wasipigwe shoti. Betri aliambiwa anunue, akaona ni gharama za bure. Bili imeshuka kweli, hilo hakutia chumvi. Mengine ndiyo hakuyasema.

Mama Vifaranga hakuwa na muda wa kumgombeza. Waliwasha jiko la mkaa, wakachemsha maji, wakayatia kwenye chupa na kuzipanga kuizunguka mashine. Mhasibu alipuliza mkaa hadi machozi yakamtoka. Umeme uliporudi alasiri, zaidi ya nusu ya vifaranga vilikuwa hai. Vilivyobaki vilifia ndani ya maganda, midomo imeshachungulia nje, na Mama Vifaranga alivililia wazi bila kujificha. Akiwa anaondoka, Mhasibu alimwomba mambo haya yaishie humo humo ndani. Aliikumbatia mashine yake, akavuka njia bila kuahidi lolote.

Jumamosi muuzaji alifika na tabasamu lake, na majirani wakakusanyika, maana kitu kikiuzwa mtaani watazamaji hawakosekani. Mhasibu naye alisimama kwenye geti lake, shati limepigwa pasi. Mama Vifaranga aliuliza swali moja tu: umeme wa mtaa ukikatika, mashine yake itaendelea kuwaka?

"Mama, jua halikatiki," muuzaji akasema, na watu wakacheka.

Mama Vifaranga akamtazama Mhasibu. Maneno yalikuwa yamemfika kooni, na kuyatema kulikuwa rahisi, lakini alimkumbuka akipuliza ule mkaa, akayameza. Alijiona yuko peke yake mbele ya umati, na pesa zimelowa jasho kiganjani mwake.

"Itazimika," Mhasibu akasema.

Wote wakageuka.

"Za kwangu hazina betri. Umeme ukikatika, nakaa kama ninyi mnavyokaa. Jana mayai ya watu yamefia jikoni kwangu, na paneli ziko juu." Akalinyooshea paa lake kidole. "Ni nzuri kwa bili. Kwa mayai hazifai, mpaka ziwe na betri. Nilikuwa naona aibu kusema."

Mtu mmoja alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Muuzaji alianza kueleza kwamba betri zipo, ila ni mpango mwingine. Mama Vifaranga akazirudisha pesa kifuani.

"Basi utueleze huo mpango mwingine, taratibu," akasema, kisha akamwita Mhasibu kwa mkono. "Njoo huku, jirani. Nitauliza mimi, wewe upige hesabu."