Zamda kwenye Mwamba

Zamda alikuwa mpiga picha wa harusi na pasipoti pale Korogwe, na mpaka Julai ile hakuwahi kumpiga picha mtu anayejitosa kwenye maporomoko kwa hiari yake. Waliomtafuta ni vijana wanne kutoka Arusha, wakiongozwa na binti aitwaye Yuditha. Walikuja na mitumbwi midogo ya plastiki, kila mtu na wake, wakataka picha za kuteremka Mto Pangani pale unapopita kwenye miamba ukitoa povu.

Asubuhi ilikuwa ya baridi kali, manyunyu hayakatiki, Usambara yote imejifunika gubigubi. Ukingoni vichaka vilimziba. Basi akavua viatu, akakaza kanga kiunoni, akaruka jiwe hadi jiwe mpaka kwenye mwamba mkubwa katikati ya mto. Mzee Semboja, mkulima wa Makuyuni aliyewaonyesha njia, alimwonya kwamba mto huu haupigi hodi. Zamda akajibu kuwa hatakawia.

Picha zilikubali. Vijana walipita mmoja mmoja, wakizama na kuibuka, wakapotelea kwenye kona. Alipoinama kufuta kioo cha kamera ndipo akaona maji yamekuwa kama chai ya maziwa. Huko juu mvua ilikuwa imenyesha kweli. Akageuka kutazama alikopita: mawe yote yamemezwa.

Hakujua kuogelea. Aliita, sauti ikafia kwenye ngurumo ya maji. Mzee Semboja akamwashiria aketi, kisha akatimua mbio kuwafuata vijana. Mwamba uliokuwa wa kutandika mkeka ukabaki wa kutandika msala. Akajikunyata, kamera kifuani, meno yakigongana. Alisoma kila dua aliyoijua, zikamwishia, akaanza upya. Kilichomuumiza zaidi ni jinsi ukingo ulivyokuwa karibu. Aliviona hadi viatu vyake.

Yuditha alirudi kwa miguu, mtumbwi begani, akaingilia mtoni kwa juu, maji yakamleta nyuma ya mwamba palipotulia. Akamrushia boya la kuvaa.

“Dada, niangalie mimi, usiangalie maji. Utalala juu ya mtumbwi, unishike kiuno.”

“Na kamera?”

“Nipe, ina mahali pake humu. Wewe ndiye huna mahali pengine.”

Alikuwa amekwisha kulichukia jiwe lile, lakini vidole vilikataa kuliachia. Yuditha hakumharakisha. Maji yalipomfika mapajani akafumba macho, akajiachia. Baridi ilimkata pumzi. Walirushwa huku na huko, hata wakapiga ukingo mbali kule chini, Mzee Semboja akamvuta kwa mikono miwili na kumwotesha moto.

Vijana walizipenda picha. Lakini kwa muda mrefu Zamda hakuweza kukaa studio pazia likiwa limefungwa, aliona chumba kinapungua kama ule mwamba. Athuman, mumewe, alikitoa kitambaa cha bluu cha picha za pasipoti, akakitundika barazani, na wateja wakapigwa picha huko nje.